Mkono Kwanza, Kisha Jino

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Jua limetoka saa tatu, na sasa upepo unapeleka vumbi la barabarani mpaka juu ya mabati yetu. Mvua ilishatuaga tangu mwezi wa tano.

Mke wangu, Mama Minza, ameondoka saa moja na nusu kwenda parokiani. Doto, binti wa Mama Kulwa, aliweka nadhiri zake za daima za utawa mwezi uliopita huko kwa masista wenzake, na leo ni misa ya shukrani hapa kwetu. Baada ya misa watu wote watakula wali. Mpunga wa wali huo niliukoboa mimi juzi Alhamisi, na ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho pale mashineni. Mimi sikwenda. Nilisema nina kikohozi. Kikohozi kipo, lakini si cha kumzuia mtu kwenda misa.

Kilichonizuia ni huo wali. Mchele unaweza kutoka mzima kwenye mashine, mweupe, unateleza mkononi, halafu ukavunjikia kwenye sufuria kwa sababu ya nyufa ambazo jicho halikuziona. Huo tutaujua baadaye. Wakati nasubiri naandika haya, kwa kuwa Neema, aliyeshika nafasi yangu, ameniomba niyaandike yeye na wenzake wayasome. Nilimwambia mimi ni wa darasa la saba. Akasema, "Baba Minza, mashine yenyewe haijasoma kabisa." Haya basi.

Niliingia kwenye kazi hii nikiwa mtu mzima tayari. Nilikuwa nimelima pamba, pamba ikanishinda. Nilikuwa nimekaa machimboni upande wa Geita mwaka mmoja na nusu, nikarudi na malaria na sururu isiyokuwa yangu. Mwaka ule vijana wa Kahama walikuwa wanapanga mstari kwenye geti la mgodi wa Buzwagi kutafuta kazi. Nilikwenda mara mbili nikasimama nao, na mara zote mbili sikuitwa. Siku ya pili, nikirudi kwa miguu, nikasimama kwenye kivuli cha banda la kukoboa mpunga ili nipumzike. Mzee mmoja akaniambia, "Kama umesimama, shika gunia." Nilishika gunia nikakaa miaka kumi na saba.

Mzee huyo ndiye Nkwabi, mwendesha mashine. Mbele alikuwa hana meno hata moja, akicheka unaona ulimi tu. Lakini magego yake yalikuwa kama mawe, na aliyatunza kuliko mimi nilivyotunza ndoa yangu. Msimu wa mpunga hakunywa soda baridi, hakula muwa, hakugusa mahindi ya kuchoma. Alisema gego likichoka linasema uongo.

Kwa msomaji ambaye si wa mashineni nieleze. Mpunga ukiwa mbichi, mashine inaukanda unakuwa kama uji mkavu. Ukiwa umekauka kupita kiasi unapasuka. Katikati hapo pana sehemu ndogo ambapo punje inavuliwa ganda na kutoka nzima. Ukiikosa unapata chenga, na chenga hapa kwetu tunawapa vifaranga. Kwa hiyo kabla ya kuwasha mashine, mwendeshaji anachukua punje anaiuma. Anaiweka kwenye gego ikiwa imelala ubavu, anabana taratibu. Mbichi inabonyea. Iliyozidi kukauka inasagika. Iliyo tayari inakatika vipande viwili na kutoa mlio mmoja tu, mdogo, ambao unausikia ndani ya fuvu na si sikioni.

Miezi mitatu ya kwanza sikuuma kitu. Nilifagia pumba, nilibeba magunia, nilishona midomo ya magunia. Nilipoanza kuuma, Nkwabi alinitazama akasema, "Wewe unakula."

"Naonja, mzee."

"Unakula mpunga wa watu. Acha njaa nyumbani, ng'wanone, njoo hapa na meno peke yake." Ng'wanone ni mwanangu, kwa Kisukuma. Alikuwa ananizidi miaka kama minane, lakini aliniita hivyo mpaka mwisho na mimi sikukataa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nikilizunguka nitakuwa sijaandika kitu.

Msimu wangu wa kwanza, siku moja ya mwezi wa sita, Nkwabi alikwenda msibani, akaniachia mashine. Aliniambia nikoboe tu mpunga ambao yeye alikuwa ameshauuma. Saa nane mchana likaja guta la mizigo na magunia sita, na juu ya magunia ameketi Mama Kulwa. Ni mama wa mapacha, Kulwa na Doto, mama mjane, mrefu, anayeongea taratibu. Jumamosi yake Kulwa alikuwa anaolewa. Mpunga ulikuwa wa harusi.

"Mwangaluka, baba," alisema. Ilikuwa mchana na hiyo ni salamu ya asubuhi, lakini kwa haraka aliyokuwa nayo hakujali. "Nkwabi yuko wapi?"

"Amekwenda msibani. Nipo mimi."

Nikachukua punje juu ya gunia, nikauma. Ko! Mlio safi kabisa. Nikaona nimeshakuwa fundi. Mama Kulwa akaniangalia akaniuliza, "Baba, umeingiza mkono ndani?"

Nikamjibu, "Mama, niachie mimi."

Maneno hayo matatu nimeyabeba kuliko magunia yote. Alikuwa ameniuliza swali la kazi yangu mimi, na mimi nikamjibu kama mtu anayemfukuza kuku jikoni.

Gunia la kwanza lilitoka chenga. Nikadhani mashine imelegea, nikaikaza. La pili likatoka baya zaidi. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi niliona haya kusimama, na watu walikuwa wanatazama, nikaendelea mpaka la nne. Nataka kuwa mkweli: gunia la kwanza lilikuwa ujinga, na ujinga mtu anaweza kusamehewa. La pili mpaka la nne lilikuwa kiburi. La nne lilipokwisha, Mama Kulwa mwenyewe aliinua mkono, akasema, "Basi, baba. Hayo mawili yaache." Akachota chenga kwenye ungo, akaziangalia kwa muda mrefu, akazirudisha. Halafu akasema, "Wabeja," yaani asante, akapanda guta akaenda. Ningefurahi kama angenitukana.

Nkwabi alirudi kesho yake asubuhi. Hakuuliza maneno mengi. Alikwenda kwenye yale magunia mawili, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautuliza humo kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Kisha akauma punje moja. Akawasha mashine. Ule mchele ulitoka mzima, mweupe, kama umechaguliwa kwa mkono. Mpunga uleule, mashine ileile.

"Jana ulitoka wapi mpunga huu?" aliniuliza.

"Kwenye turubai, mzee. Walikuwa wameuanika."

"Saa ngapi waliuzoa?"

"Sijui. Ulikuja saa nane."

"Ulikuwa na homa," akasema. "Umetoka juani moja kwa moja. Nje umekauka, ndani bado maji. Ukiuuma saa ile unakudanganya. Mpunga wenye homa unaulaza ndani, unapoa, maji yanagawana. Ungeingiza mkono ungeusikia unawaka. Mkono kwanza, kisha jino. Yule mama hakukuambia?"

Alijua jibu.

Magunia mawili mazima yalipelekwa harusini pamoja na manne ya chenga. Mazima yakapikwa kwa ajili ya meza kuu na wazee wa upande wa bwana harusi. Wengine wote wakala chenga. Ingekuwa afadhali wote wangekula chenga. Mchekeshaji mmoja wa ukoo wa bwana harusi alisimama na sahani yake akasema kwa sauti, "Meza kuu wanakula wali, sisi tumeletewa chakula cha vifaranga. Haya, piyu piyu!" Watu wakacheka. Maneno hayo yalifika mashineni kabla ya Jumatatu. Kwa miaka mingi Kulwa aliitwa na mawifi zake "Mama Vifaranga", na si kwa sababu ya kufuga.

Msimu uliofuata Mama Kulwa alipita barabarani na guta lake, hakusimama. Alikwenda mashine nyingine, mbali zaidi, kule karibu na mnada wa ng'ombe. Alinisalimia vizuri tu: "Habari za kazi, baba?" Nikasema nzuri. Kila mwaka mwezi wa sita alipita, kila mwaka akanisalimia, misimu kumi na sita. Hakuwahi kunisema vibaya kwa mtu, na hilo nililiulizia. Ningelala vizuri zaidi kama angenisema.

Basi nikaanza kujifunza kweli. Nasema kweli kwa kuwa kabla ya hapo nilikuwa nafanya kazi tu nikidhani kufanya kazi ndiyo kujifunza. Nilinunua daftari la kurasa mia moja. Kila mpunga uliokuja niliuma, nikaandika ninachodhani kabla mashine haijawashwa: utatoka mzima, utavunjika kidogo, utavunjika sana. Ukishatoka, nilihesabu punje mia kwenye ungo nikaona ngapi ni chenga, nikaandika pembeni. Halafu nikaandika kwa nini nilikosea. Siku moja niliandika kwa penseli, nikakosea vibaya, nikafuta nikaandika upya ionekane nilipatia. Hakuna aliyeniona. Usiku nilijisikia mchafu, na tangu siku hiyo nimetumia kalamu ya wino peke yake.

Nyumbani nilikuwa na makopo matano ya maziwa ya unga. Nilianika mpunga wa shamba letu nikaweka kwenye makopo kwa hatua, kopo la kwanza bichi kabisa, la tano limekauka kupita kiasi. Niliyakwaruza kwa msumari chini: mkwaruzo mmoja, miwili, mpaka mitano. Jioni kabla ya chakula nilifumba macho, Mama Minza akayachanganya, akanipa punje, mimi nikauma nikataja kopo.

"La tatu."

"La nne."

"Hilo sasa la tatu."

"La nne tena. Mungu wangu, mimi nimeolewa na panya." Lakini aliendelea kunipa. Nataka hilo lisomwe: yeye ndiye aliyekaa na makopo hayo jioni baada ya jioni, na mikono yake ilikuwa imechoka na jembe.

Baada ya mwezi nilikuwa napatia makopo mengi, nikajisifu. Nikampelekea Nkwabi daftari. Hakujua kusoma, lakini alama za kupatia na kukosea alizielewa. Alipitisha kidole akaniuliza hizi ni za kopo gani, na hizi, na hizi. La kwanza na la tano nilikuwa sikosei hata kidogo. La tatu na la nne nilikuwa kama mtu anayerusha shilingi juu.

"Mbona unajifunza unachokijua?" alisema. "La kwanza hata mbuzi anajua ni bichi."

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nayapenda yale makopo mawili kwa sababu yananisifu. Nikayamwaga, na la pili pia, nikabaki na la tatu na la nne peke yake. Msimu mzima niliuma hayo mawili. Nilikosea jioni hadi jioni, mpaka Mama Minza akaona huruma akaanza kunidanganya kwamba nimepatia. Nilimgundua nikamkataza. Ilikuwa karibu na Krismasi ndipo nilianza kusikia tofauti. La tatu lina mlio wa chini kidogo, kama kijiti kinachovunjika ndani ya nguo. La nne kijiti kilekile kimetoka nje ya nguo. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Neema, usitegemee maneno yangu, tafuta makopo yako.

Na mkono nao niliufundisha. Niliingiza mkono kwenye kila gunia, katikati na pembeni, nikaandika: baridi, vuguvugu, homa. Ngozi ya mkono wangu wa kulia mpaka leo ina mikwaruzo ya makapi, na haina nywele hata moja. Msimu wa nne Nkwabi aliniachia mashine wiki nzima, akakaa nje kwenye gogo anachonga mswaki. Siku ya mwisho aliingia, akachota mchele uliotoka, akaupepeta, akasema, "Sasa unauma." Mwaka uliofuata alirudi kwao Bukombe. Nimepewa mambo mazuri maishani, lakini maneno hayo mawili nayaweka karibu na juu.

Baadaye mwenye mashine alileta kipimo cha unyevu, kidogo kama redio ya mkononi, unaweka punje kinasoma namba. Vijana walingoja nikione adui. Nitasema haki: kwenye mpunga mbichi kilinishinda, na kwenye kopo langu la tatu na la nne tulikuwa tunakaribiana sana. Nilichofanya ni kuuma kwanza, kuandika, ndipo nikakitazama. Kilinifundisha zaidi kuliko nilivyopenda kukubali. Ila hakina mkono. Mpunga wenye homa kinausoma kama mzima, kinakupa namba nzuri na utulivu wote wa kitu kisichokwenda harusini.

Kwa sababu ya mambo haya nikawa na sifa ya kukataa. Niliwarudisha watu na mpunga wao: kaulaze, rudi kesho kutwa. Wengine walinikasirikia wakaenda kwingine. Siku moja nilimkatalia mwenye mashine mwenyewe. Alifoka, "Hii mashine ni ya nani?" Nikamwambia, "Yako, mzee. Na mpunga ni wako, ndiyo maana siukoboi." Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaja, nikakoboa, akachota mchele akaondoka zake, na mgongo wake ulikuwa unatabasamu. Mgongo unaweza kutabasamu, nimeuona.

Miaka minne iliyopita nilipoteza gego langu la kushoto, lile nililolifundisha. Nikahamia kulia, na kulia kulikuwa hakujui kitu. Nikatafuta makopo upya, nikiwa mtu wa miaka hamsini na minane, na Mama Minza akasema, "Panya amerudi." Msimu mzima tena. Mwezi wa tatu mwaka huu gego la kulia likaanza kuuma nalo, daktari akasema halitafika mwaka kesho. Hapo nikamwambia mwenye mashine kwamba msimu huu ni wangu wa mwisho, na nusu yake tu.

Jumanne ya wiki hii nilikuwa nimebakiza siku tatu. Saa saba mchana nikaona guta linakuja, na juu yake ameketi Mama Kulwa. Nilingoja lipite. Liliingia ndani.

Sasa ni mzee, anashuka kwa kushikwa mkono. Mimi na mvi zangu nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimeleta magunia matano. Ya Doto, ya Jumamosi."

Nikauliza swali la kijinga: "Kule mnadani mashine imeharibika?"

"Haijaharibika. Wananikoboa vizuri tu." Akafunga khanga yake vizuri. "Nimesikia hapa kuna mtu anakataa mpunga wa watu. Nikasema nimpelekee aukatae."

Neema alishaweka kipimo. "Namba nzuri, Baba Minza. Upo tayari."

Nikaingiza mkono gunia la kwanza, katikati. Nikausikia. Si kuwaka kama ule wa zamani, ni vuguvugu tu, kama uso wa mtoto anayeanza kuugua. Gunia la pili hivyohivyo. Nikauma: ko. Mlio mzuri. Kipimo kinasema ndiyo, jino linasema ndiyo, mkono peke yake unasema hapana. Na mkono wa nani? Wa mtu anayemwogopa mama huyu kwa miaka kumi na saba. Nilijiuliza kama ni homa ya mpunga au yangu. Nikikataa bure, nimempotezea siku mbili kabla ya sherehe, na Alhamisi umeme unaweza kukatika. Nikikubali vibaya, yule mchekeshaji bado yuko hai.

Nikachukua daftari, nikaandika kwa wino: Hapana. Nikamwonyesha Neema, ndipo nikamgeukia.

"Mama, leo sikoboi. Umetoka juani saa ngapi?"

"Saa tano na nusu. Tuliuzoa haraka, niliogopa kuchelewa."

"Ulale humu ndani, midomo ya magunia wazi. Alhamisi asubuhi uje."

Neema alinong'ona, "Baba Minza, na umeme je?" Nilimsikia. Na Mama Kulwa alimsikia pia. Alinitazama kwa muda, kama alivyozitazama zile chenga. Halafu akasema, taratibu, "Haya. Nakuachia wewe."

Alilikumbuka neno langu, miaka yote ile. Nilijua kutokana na jinsi alivyolisema, bila ubaya wowote.

Alhamisi umeme ulikatika saa moja asubuhi. Nitaacha kuandika nilichokuwa nafikiri mpaka saa nne na dakika kumi uliporudi. Niliingiza mkono: baridi, magunia yote matano, katikati na pembeni. Niliuma kwa gego linaloniuma. Nikawasha. Mama Kulwa alikuwa ameketi kwenye lile gogo la Nkwabi. Nilimpelekea ungo wa kwanza, akachota, akaupitishia kidole, akasema, "Sasa hebu tuone sufuria itasemaje." Hata sifa hakunipa, na ndivyo ilivyopasa. Yeye ni mpishi, anajua. Nikakoboa yote matano, nikazima mashine, nikamkabidhi Neema ufunguo. Vijana walipiga makofi kidogo. Mimi nilikuwa nafikiria sufuria.

Haya nimeandika mpaka hapa na jua linaelekea kuzama. Mama Minza hajarudi. Nimechemsha chai nimeiacha ikapoa.

Saa moja kasoro. Naendelea. Amerudi, na si peke yake. Amekuja na Kulwa mwenyewe, mama wa watoto wanne sasa, amebeba hotpoti kwa mikono miwili. Aliniamkia, nikaitikia, akaiweka mezani, hakukaa.

"Mama amesema nikuletee mwenyewe," alisema. "Wa sufuria ya katikati, si wa meza kuu. Leo meza kuu wamekula sawa na wote."

Nikasema asante. Nikataka kusema na lile jingine, la harusi yake, ambalo sijawahi kumwambia. Nikaanza, "Kulwa, mwanangu, ile siku..."

"Baba Minza, kula," akanikatisha, akicheka. "Piyu piyu yule alikuwepo. Ameongeza sahani mara tatu."

Akaenda zake.

Jioni hii tumekula wali wa Mama Kulwa, na maharage yetu ya jana, na mlenda kidogo ambao Mama Minza alisema hauendani na wali lakini tukala. Niliuchambua wali kwa kijiko, punje kwa punje, mpaka akaniuliza kama nina wazimu. Kwenye sahani yangu nimekuta chenga tatu. Nimeziandika.